Kila Ngozi na Fungu Lake

Mwanamke akijifungua, huku pwani huja mtu wa kumkanda. Si lazima awe anampenda. Mara nyingine mkandaji ni shangazi wa mume, na mtaa mzima unajua kwamba shangazi huyo na mzazi huyo hawapikiki chungu kimoja. Hata hivyo asubuhi maji yanachemshwa, kitambaa kinachovywa na kukamuliwa, na mikono ya shangazi inashuka kiunoni, tumboni, mapajani, taratibu, siku baada ya siku mpaka arobaini inakaribia. Kazi ikiisha kila mmoja hurudi kwenye kununa kwake. (Wakunga wa hospitali huonya juu ya maji ya moto kupita kiasi, na nawaunga mkono, wapo wazazi waliobabuliwa kwa sababu ya sifa za mkandaji. Ya vuguvugu yanatosha.)

Nimeiwaza sana desturi hii, na kila nikiiwaza naona kwamba wazee walijua jambo ambalo sisi tunaelekea kulisahau. Hawakuuachia upendo peke yake kazi ya kugusa watu. Upendo una siku zake. Leo upo, kesho umeenda kutembea. Wakaugawa mguso kwa desturi, kama nyama ya ng'ombe wa arusi inavyogawiwa, kila mtu na fungu lake: mzazi akandwe, mtoto abebwe, bibi arusi asingwe, binti asukwe, mfiwa apewe mkono. Mtu asiye na mpenzi hata mmoja duniani alikuwa na uhakika wa kuguswa, kwa kuwa ilikuwa zamu ya mtu fulani kumgusa.

Tukianza na ngozi yenyewe, sayansi ya miongo ya karibuni imetueleza mengi. Mguso ndio mlango wa kwanza kufunguka katika mwili: mimba ikiwa na wiki nane hivi, kabla macho na masikio hayajafaa kitu, kijusi tayari hushtuka kikiguswa karibu na mdomo. Lakini lililowashangaza wataalamu ni kwamba habari za mguso hazipiti njia moja. Ukishika kisu, ukipapasa sarafu mfukoni, ukikanyaga mchanga, habari hukimbia kwenye mishipa minene ya fahamu yenye utando wa mafuta, makumi ya mita kwa sekunde. Njia hiyo inakwambia nini kimekugusa, wapi na kwa nguvu gani. Bila hiyo huwezi kufunga kifungo cha shati.

Ipo njia nyingine. Mwaka 1939 Yngve Zotterman wa Sweden, akichunguza paka, alinasa mishipa myembamba isiyo na utando, inayopeleka habari polepole sana, na inayoamshwa na mguso laini. Watu wengi walidhani ni masalia ya wanyama, kwamba binadamu hana. Katika miaka ya 1990 Åke Vallbo na wenzake wa Göteborg walitumia sindano nyembamba kusikiliza mshipa mmoja mmoja kwenye mikono ya watu waliojitolea, wakaikuta. Mishipa hii imetapakaa kwenye ngozi yenye vinyweleo: mkono, mgongo, paja, uso. Mwendo wake ni kama mita moja kwa sekunde, maana yake mtu akikupapasa mguu, habari ile huchukua zaidi ya sekunde nzima kufika kichwani. Huo si mshipa wa kukuondoa kwenye hatari. Ungekuwa umeshaumwa na nyoka.

Kazi yake hasa ilionekana wazi baadaye. Mwaka 2009 watafiti walipapasa mikono ya watu kwa brashi laini, kwa kasi mbalimbali. Mishipa hii iliitika zaidi pale brashi ilipotembea kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, ikipoa kwa brashi iliyokimbia na kwa ile iliyojikokota. Na kadiri ilivyoitika ndivyo waliopapaswa walivyosema wamefurahi zaidi. Jaribio la baadaye likaongeza kwamba huitika vizuri zaidi kitu kinachogusa kikiwa na joto la nyuzi 32 hivi, ambalo ndilo joto la kawaida la ngozi ya mtu. Ukiyaweka pamoja unapata picha ya ajabu: mwilini mwetu mna waya uliowekwa tayari kupokea mkono wa mtu mwingine, unaopita taratibu.

Na mkono wenyewe unaijua kasi hiyo bila kufundishwa. Watu walipoombwa kupapasa mkono wa bandia, walifanya haraka haraka, kama wanaofuta vumbi. Walipoombwa kumpapasa mwenzi wao au mtoto wao mchanga, mwendo ulishuka wenyewe mpaka ule ule ambao mishipa inautaka. Hakuna aliyewaambia. Mtazame mama anayembembeleza mtoto usiku wa manane, amechoka, macho nusu yamefumba. Kiganja chake kinapanda na kushuka mgongoni mwa mtoto kwa mwendo huo huo.

Kisa kilichonigusa zaidi katika habari hizi ni cha mwanamke mmoja ambaye ugonjwa uliiua mishipa yake minene na kuiacha ile myembamba. Hakuweza kusema kama amewekewa kitu mkononi. Wataalamu, akiwamo Håkan Olausson, walipompitishia brashi laini, alisikia kitu: hafifu, asichoweza kuonesha hasa ni wapi, ila cha kupendeza. Picha za ubongo wake, zilizochapishwa 2002, zilionesha kwamba sehemu inayopambanua miguso ilikuwa kimya, na iliyoamka ni insula, sehemu iliyojificha ndani ya mkunjo wa ubongo, inayohusika na hali ya mwili na hisia za moyo. Alipoteza habari za dunia, akabaki na habari za kupendwa.

Sasa, kabla hatujajisifu kwamba bibi zetu walijua yote haya, tukumbuke kwamba binadamu anaweza kukisahau hata kitu kilicho ndani ya ngozi yake. Mwaka 1928 mwanasaikolojia wa Marekani, John Watson, aliandika kitabu cha kuwafundisha wazazi malezi, akawashauri wasiwakumbatie watoto wala kuwabusu wala kuwapakata; asubuhi wapeane nao mkono tu. Kitabu kilinunuliwa kwa wingi. Hospitali nyingi za huko nazo ziliwatenga watoto wachanga na mama zao kwa hofu ya vijidudu. Ilibidi miaka thelathini ipite, na Harry Harlow wa Wisconsin awatenge vitoto vya kima na mama zao, ndipo wasomi wakubali. Aliwapa mama wawili wa bandia: mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, mwingine amefunikwa kitambaa laini lakini hana kitu. Vitoto vilikwenda kwa mama wa waya kunyonya, vikamaliza, vikarudi kumng'ang'ania yule wa kitambaa saa zote zilizobaki. Nakiri nikisoma majaribio yale naona haya kwa niaba ya binadamu. Lilikuwa jambo la kumuuliza mama yeyote mwenye mtoto mgongoni.

Nasi tulisahau. Hospitali tulizojengewa zilikuja na taratibu zake, na mtoto njiti alitolewa kwa mama, akawekwa kwenye kisanduku cha joto, mama akabaki kumtazama kupitia kioo. Pale visanduku vilipokuwa vichache, watoto walilazwa wawili, watatu pamoja. Ni shida hiyo hiyo iliyomfanya daktari Edgar Rey Sanabria wa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, awafunge watoto njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Joto la mama likawa kisanduku. Huduma hiyo wakaiita ya kangaruu, kwa yule mnyama wa Australia anayebeba mtoto mfukoni, ingawa ingeweza kuitwa ya mbeleko na wala isingepungukiwa kitu.

Kwa muda mrefu huduma hiyo ilianza baada ya mtoto kutengemaa. Kisha Shirika la Afya Duniani likasimamia utafiti katika hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Nusu walifungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, nusu wakasubiri kutengemaa kama ilivyozoeleka. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Katika siku 28 za mwanzo, waliosubiri walikufa asilimia 15.7, waliofungwa mapema, asilimia 12. Utafiti ulisitishwa kabla ya wakati kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Linalonivutia hapo zaidi ni kanuni moja ya huduma hii: mama akiwa mgonjwa au amelala chumba cha upasuaji, kifua cha mtu mwingine wa familia kinafaa. Bibi, dada, baba. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wazee, na kumbe kifua kimoja nacho si lazima.

Hapo tunarudi kwenye zamu. Mwili wa mtoto mchanga hauulizi cheti cha upendo, unauliza kifua. Na mtu mzima je? Mwaka 2006 James Coan na wenzake huko Marekani waliwaweka wanawake 16 wenye waume ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawatisha kwamba huenda watapigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Wakiwa peke yao, sehemu za ubongo zinazohusika na hofu ziliwaka. Wakishikwa mkono na waume zao, zilitulia sana, na zaidi kwa wale waliokuwa na ndoa njema. Lakini hata waliposhikwa na mtu wasiyemjua, ubongo ulipumua kidogo. Fikiria basi mkeka wa msibani. Watu wanapita mmoja mmoja, wengine mfiwa hawajui hata kwa sura, wametumwa na ofisi ya marehemu au wamefuatana na jirani. Kila mmoja anainama, anashika mkono, anasema pole, anapita. Vijana wengine hukereka: huyu ananijua mimi? Hakujui, naam. Amekuja kukushika mkono kidogo, na kidogo mara watu mia mbili ni kitu.

Hata sokwe wetu wana desturi za mguso. Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, sokwe hukaa saa nzima wakichambuana manyoya, na wakati mwingine hushika tawi juu ya kichwa kwa mkono mmoja huku wakichambuana kwa mwingine. Katika milima ya Mahale, mkoa huo huo wa Kigoma, kando ya ziwa hilo hilo la Tanganyika, William McGrew na Caroline Tutin waliona kitu tofauti, wakakiandika mwaka 1978: sokwe wawili wanakaa wakitazamana, kila mmoja anainua mkono mmoja, wanashikana viganja juu ya vichwa vyao, na kwa mkono uliobaki wanachambuana kwapani. Wa Gombe hawakuonekana wakifanya hivyo. Ndiyo kusema hata huko msituni mguso una mila yake, jirani wa hapa na jirani wa pale wakitofautiana.

Kwetu uchambuaji huo uko kwenye kusuka. Binti amekaa chini kwenye mkeka, msusi juu ya kigoda, kichwa kimebanwa katikati ya magoti. Chanuo linapita, nywele zinagawanywa, mafuta yanapakwa kwenye njia moja moja. Ikiwa ni twende kilioni kazi itaisha upesi. Ikiwa ni rasta, mchana wote umekwenda. Kuna kuumia humo, hakuna asiyejua. Lakini angalia mazungumzo yanavyokwenda pale. Mambo ambayo binti asingemwambia mama yake wakiwa wanatazamana usoni humtoka akiwa ameegemeza shavu kwenye goti la shangazi, macho yakiwa barazani. Nimesikia siri nzito zikitolewa kwenye mikeka hiyo kuliko zile zinazotolewa kwenye vikao vya familia.

Desturi hiyo hiyo iliyotoa ruhusa iliweka na mipaka, na mipaka hiyo ilikuwa mikali. Katika makabila mengi mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Mkono wa mzee unabusiwa, haupigwi kofi la kirafiki. Mwenye dini ana watu wa kushika na wasio wa kushika. Wako wanaoona mambo haya ni ya kizamani, lakini sayansi haiko upande wao. Mwaka 2012 lilichapishwa jaribio ambamo wanaume walipapaswa mguuni wakiwa kwenye mashine ya picha za ubongo. Walioneshwa video iliyowafanya waamini kwamba mara anayewagusa ni mwanamke mrembo, mara ni mwanamume. Kumbe mkono ulikuwa mmoja siku zote, wa mwanamke. Hata hivyo sehemu ya kwanza kabisa ya ubongo inayopokea mguso iliitika tofauti. Mishipa inaweza kuguswa kwa kasi sahihi na joto sahihi, ila suala la nani anayegusa, na kwa idhini ipi, limo ndani ya mguso wenyewe tangu mwanzo. Dada anayesimama kwenye daladala iliyojaa, akasikia mkono usio na shughuli pale, hahitaji kuelezwa hili.

Hapa pia lazima niseme neno juu ya fimbo. Watu huitetea kwa methali, mchelea mwana kulia hulia yeye, na methali ni ya kweli. Lakini methali imesema kulia, haikusema kupigwa. Mtoto hulia akinyimwa, akikatazwa, akirudishwa kuosha chombo alichokiosha vibaya. Mkono ule ule uliombeba ukiwa ndio wa kumchapa, mtoto anajifunza kuutazama kwanza kila unaponyanyuka. Utamwona: baba ananyoosha mkono amshike kichwa, mtoto anainama kukwepa. Wazee waliokuwa na busara, na si wote waliokuwa nayo, waliitambua hasara hiyo.

Corona ilipokuja mwaka 2020 tulipata kuona zamu zikisimama ghafla. Picha ya Rais Magufuli na Maalim Seif Sharif Hamad wakisalimiana kwa kugusanisha miguu Ikulu ilizunguka kila simu. Watu walicheka, lakini nilipenda jambo moja: hata mkono ulipokatazwa, waliona hawawezi kukutana bila kugusana popote. Misibani ilikuwa vigumu zaidi. Tulisimama mbali, tukaweka mkono kifuani, tukaondoka tukiwa na deni.

Deni kubwa kuliko hilo, hata hivyo, tunalo kwa wazee wenyewe, na hili halikuletwa na ugonjwa. Mtoto ana mbeleko, mzazi ana mkandaji, binti ana msusi. Mzee aliyefiwa na mwenzake, watoto wako Dar, Nairobi, Maskati, wajukuu wako shule za bweni, ana nini? Ana simu. Pesa zinaingia kwa simu kila mwisho wa mwezi, na Mungu awabariki wanaotuma, wengine hawatumi. Dada wa kazi anapika na kufua. Lakini unaweza kupita mwezi mzima ngozi ya mzee huyo isiguswe na mtu, labda nesi akimpima presha.

Na ngozi hiyo inataka. Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa watu wa kuanzia miaka 13 hadi 82. Kadiri umri ulivyopanda, watu walisikia mguso kwa uhafifu zaidi, kama inavyotarajiwa, maana hata masikio na macho huchoka. Ila uzuri wa ule mguso wa taratibu haukupungua; waliokuwa wakubwa ndio waliousema unapendeza zaidi. Mzee anasikia kidogo, anafurahi zaidi.

Hatakwambia nishike. Kwetu mtu mzima hasemi hivyo. Atakwambia magoti yanauma, na ukimkanda kwa mafuta ya nazi utashangaa jinsi maumivu yalivyohama kutoka goti la kulia kwenda la kushoto ili nalo lipate. Atakwambia haoni vizuri kukata kucha za miguu. Huyo mkalishe barazani, chukua beseni la maji ya uvuguvugu, umloweke miguu mpaka kucha zilainike, kisha weka kisigino chake juu ya paja lako na ukate kidole kimoja kimoja. Usifanye haraka. Atakusimulia habari za mwaka wa njaa, au za babu yako alivyokuwa mkaidi, habari ambazo hakukupa kwa simu kwa sababu kwenye simu mlikuwa mkiulizana hali tu.

Au atasema mgongo unawasha. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya mjukuu yeyote aliyepita karibu: kamkune babu mgongo. Watoto waliikimbia, wakakamatwa, wakakuna huku wamenuna, wakapewa kipande cha muwa. Mzee mmoja ninayemfahamu, mjane, mwanawe alimletea kutoka mjini kijiti cha plastiki chenye vidole vitano mwishoni, vile vinavyouzwa na machinga. Nilimuuliza kinamfaaje. Akasema kinakuna vizuri, tatizo hakiulizi "hapa?" wala "chini kidogo?", naye alizoea kuulizwa. Siku hizi anakitumia kufukuzia kuku barazani.